Anayechoka Atangulie

Saa moja na nusu asubuhi nilikuwa nimekaa kwenye benchi mbele ya lango la hifadhi, nikisubiri familia ya watu wanne. Karatasi ya kazi niliyopewa na ofisi haikuwa na mengi: watu wanne, safari ya siku moja hadi kwenye ukingo wa juu, na chini yake mtu alikuwa ameongeza kwa kalamu kwamba wameomba mwongozaji mwanamke. Sikuona ajabu. Kina mama wengine hupenda hivyo, na kati ya waongozaji arobaini wa mlima ule wanawake tulikuwa sita.

Gari lilikuja taratibu, la kijivu, limejaa vumbi hadi vioo, mablanketi na mito imebanwa kwenye kioo cha nyuma. Ungeliona tu ungejua kwamba waliomo wamekaa pamoja siku mbili na wamekwisha kuchokana. Niliwasikia kabla sijawaona.

"Nilisema tukate kushoto pale."

"Na mimi nimekata kushoto."

"Umekata kushoto ya pili, baba watoto. Mimi nilisema ya kwanza."

"Ya kwanza ilikuwa uani kwa watu."

Mlango wa mbele ulifunguka akashuka mama wa makamo, mnene kiasi, miwani imening'inia kifuani na daftari mkononi. Upande wa pili akashuka mzee mrefu, akaweka mikono kiunoni na kunyoosha mgongo hadi ukalia. Nyuma akatoka msichana wa miaka ishirini na kitu, bado ana alama ya mto shavuni. Halafu mlango wa nne ukafunguka, akashuka mwanamume niliyempenda.

Alinitazama kwa muda usiotosha kupepesa jicho.

"Habari za asubuhi, dada," alisema.

Dada.

Mwaka mmoja na miezi miwili kabla ya asubuhi ile, alikuja kupima upya mpaka wa hifadhi, na ofisi ikanipa kazi ya kumwonyesha njia. Wiki tatu tulitembea pamoja, yeye na chombo chake cha miguu mitatu, mimi na panga la kufyekea. Wapagazi walimwita Mpima, na mimi nikamwita hivyo hivyo, hadi jina likawa tamu mdomoni. Tangu hapo alipanda basi kila mwisho wa mwezi kuja kuniona. Siku nne tu kabla ya asubuhi ile alikuwa amenipigia simu akasema wiki hii hatapatikana, ana barabara ya kupima huko bondeni. Kuhusu nyumbani kwao nilijua alichoniambia: mama yake ana hamu ya kuniona, inasubiriwa nafasi tu.

Sasa nafasi ilikuwa imesimama mbele yangu na daftari mkononi.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu," mama alisema. "Ndiye wewe utakayetupandisha? Mbona mdogo hivi? Ukinishika nikianguka si tutaporomoka wote?"

"Hutaanguka, mama. Na ukianguka, nitaita wa kutuokota."

Alicheka, cheko la mtu aliyezoea kucheka mbele ya watu wengi. Baadaye nilijua alikuwa mwalimu mkuu miaka kumi na minane kabla ya kustaafu.

Mimi si mwepesi wa kuhukumu. Ukungu ukishuka njiani hukimbii. Unasimama, unangoja kitu kipate umbo ndipo ukipe jina. Nikajiambia: ana sababu yake. Labda atasema sasa hivi. Labda anatafuta maneno. Nikapiga goti nikaanza kukagua viatu vyao, kama ninavyofanya kwa kila mgeni, nikimpa muda.

Hakusema.

Viatu vya mama vilikuwa vipya, vimekazwa kamba juu na kulegea chini. Nilizifungua zote nikazipanga upya, nikimweleza kwamba kwenye mteremko mguu husukumwa mbele, na kamba ikilegea pale kati kucha za vidole ndizo zinazolipa. Nilipoinua uso, nilimwona Mpima akinitazama mikono. Ni mtazamo nilioujua. Ndivyo alivyonitazama siku ya kwanza nilipomtoa mwiba. Nilipokutana na macho yake akageuka kuangalia milima.

"Mpangilio wa kutembea ni hivi," niliwaambia. "Mimi mbele. Nyuma yangu mama. Kisha mzee, kisha dada mdogo. Na wewe," nikamwelekea, "kaka, utakuwa mwisho."

"Mimi tena nyuma yako?" mama aliuliza. "Mwanangu, mimi ndiye goigoi wa msafara huu. Magoti haya yamesimama ubaoni miaka thelathini. Nitawachelewesha wote."

"Ndiyo maana, mama. Anayechoka mapema ndiye anayetangulia. Wenye nguvu wanafuata mwendo wake, na hakuna anayeachwa. Ukimweka nyuma, kila akiwafikia waliopumzika, wao wanainuka kuondoka. Anafika juu hajapumzika hata mara moja."

Mama alinitazama juu ya miwani yake. "Umesikia, baba watoto? Na wewe kila safari unatembea mbele kama unafukuzwa na polisi."

"Nimesikia," mzee alisema. Yeye alikuwa dereva wa basi la masafa marefu maisha yake yote, na maneno aliyatumia kama mafuta: kwa kubana.

Tukaanza.

Saa nzima ya kwanza njia hupita katika msitu mnene, ardhi nyeusi na laini, mizizi imekatiza kama ngazi. Mwendo ukiwa sawa mtu anaweza kuongea bila kuhema, na mama aliongea. Aliniambia kila mwaka wanafunga safari moja ya familia kwa gari. Yeye hupanga, mzee huendesha, watoto hulalamika. Mwaka huu kijana ndiye aliyechagua. Aling'ang'ania mlima. Akalipia mwenyewe, akaandika maombi mwenyewe.

Kwa hiyo ni yeye aliyeomba mwongozaji mwanamke, naye alijua kwamba kati yetu sita zamu ya wiki ile ilikuwa yangu. Nilihesabu hatua zangu, kumi, ishirini, ili nisiongeze mwendo.

"Na wewe uliingiaje kazi hii?"

"Nilianza kama mpagazi, mama. Kubeba mizigo. Mgeni mmoja akasahau kitabu cha mimea, nikakaa nacho. Kila mmea niliouona njiani nikautafuta kitabuni jioni. Mwaka wa tatu nikaomba nifanye mtihani wa waongozaji."

"Nani alikufundisha?"

"Kitabu. Na kuuliza."

"Huoni?" alimgeukia mumewe. "Na mimi nilikuwa na watoto wenye walimu tisa na bado wanaandika mrima badala ya mlima."

Tulipotoka msituni tukaingia kwenye mianzi, upepo ukawa wa baridi, na msafara ukarefuka kidogo nyuma yetu. Mama aliteremsha sauti.

"Mwanangu, nikuulize kitu. Mlima huu waongozaji wanawake mko wangapi?"

"Sita, mama."

"Basi utamjua." "Kijana wangu huyu ana msichana wa huku. Mwongozaji kama wewe. Aliniletea habari zake miezi minane iliyopita, nikamwambia sitaki kusikia."

Jani la mwanzi lilinipiga usoni. Nikalishika ili lisimpige na yeye.

"Ulisema hutaki, mama?"

"Nilisema hapana, na nikasema kwa nini. Mwanamke anayelala mahemani na wanaume asiowajua, leo kundi hili kesho lile, huyo si wa kuingia nyumbani kwangu. Nilimwambia hivyo hivyo. Akanyamaza. Na mtoto wangu akinyamaza hajakubali, namjua. Sasa wewe ni mtu wa humu humu, hunijui sikujui, huna sababu ya kunidanganya. Huyo msichana ni mtu wa namna gani?"

Miezi minane. Kila mwisho wa mwezi kwa miezi minane alikuwa ameshuka kwenye basi, akanishika mkono na kuniambia mama yangu anakusubiri kwa hamu. Miguu yangu, namshukuru Mungu, iliendelea kwenda polepole, kwa mazoea.

"Namjua," nilisema.

"Enhe."

"Ni mtu wa kawaida, mama. Ulimi wake mzito. Hasira zake huchelewa kuja, ila zikija huwa zimekuja na mizigo yao yote."

"Na mahema?"

"Hema lake ni lake. Waongozaji wanawake wana hema lao, kando ya hema la wapishi. Zipu yake inafungwa kwa ndani."

Mama alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Unamtetea."

"Umeniuliza, mama. Nakujibu ninachokijua."

"Ana adabu?"

"Anajitahidi. Leo kwa mfano angekuwa hapa, angekuwa anajitahidi sana."

Tulifika kwenye kijito saa tatu na nusu. Pale ndipo tunapopumzika, wageni wanakaa juu ya mawe na mimi nashuka kujaza chupa za maji mahali yanapotoka safi, nyuma ya mwamba. Nilikuwa nimejaza ya kwanza aliposhuka na yeye, chupa yake mkononi, na tabasamu ambalo nilikuwa sijaliona tangu asubuhi.

"Amekupenda," alinong'ona. "Nilijua. Nimewaona mnavyoongea. Hajawahi kuongea na mtu saa mbili mfululizo bila kumsahihisha."

Niliziba chupa, nikachukua ya pili.

"Umekasirika."

"Uliniambia uko bondeni unapima barabara."

"Ilibidi."

"Na huyo 'dada' uliyemsalimu langoni ni nani yako?"

"Sikiliza kwanza. Mama ukimpelekea jambo kwa mdomo tu anakataa. Ndivyo alivyo. Lazima alione. Nikasema, wacha akuone kabla hajajua ni wewe. Akutane na mtu, asikutane na habari. Kisha akishakupenda namwambia. Atasema nini tena?"

Aliyasema haya akiwa na furaha ya kweli, na hilo ndilo lililonikera kuliko yote. Angekuwa mwovu ningejua pa kumshika.

"Na mimi?" nilimuuliza. "Yeye alitakiwa anione. Mimi nilitakiwa nione nini?"

"Wewe ukijua usingekuwa wewe. Ungejikaza. Ungevaa uso wa ukweni."

"Huo uso ni wangu pia, Mpima. Kama nilitaka kuuvaa siku nitakapokutana na mama yako, ilikuwa haki yangu niuvae. Ungeniuliza."

"Ungekataa."

"Ndiyo. Ningekataa. Mtu huulizwa ili aweze kukataa."

Maji yalipita katikati yetu.

"Ameniambia alivyosema," niliendelea, na sauti yangu haikupanda, maana siwezi kuipandisha. "Wanaume asiowajua. Leo kundi hili kesho lile. Nimetembea na maneno hayo kutoka kwenye mianzi hadi hapa, mzigo mgongoni, nikimshika mkono kwenye kila mzizi. Wewe ulijua kwamba huenda akayasema?"

"Sikufikiri kama angekuambia wewe."

"Angemwambia nani? Umemweka nyuma ya mgongo wangu saa mbili."

"Wewe ndiye uliyepanga nani awe wapi."

Ilikuwa kweli, na kwa sababu ilikuwa kweli nikazidi kuchemka. "Miezi minane unaniambia ana hamu na mimi. Nimeshona gauni, Mpima. Nimemuuliza mke wa mlinzi wa lango mtu huingiaje kwa wakwe, mguu upi kwanza."

"Sikutaka uumie."

"Basi hongera."

Jiwe lilibiringika kutoka juu. Dada yake alikuwa amesimama pale ana kipande cha mkate mkononi, mdomo umejaa.

"Mama anauliza kama mmekwenda kuyachimba hayo maji," alisema. Akatuangalia, mmoja kisha mwingine. "Mmeanza kugombana tayari? Kaka, nilikuambia. Nilikuambia kwenye gari, nilikuambia kwenye nyumba ya wageni. Shemeji, mimi simo. Mimi niliahidiwa nitapiga picha tu."

"Na wewe ulijua?" nilimuuliza.

"Shemeji, nimejua tangu mwezi wa pili. Nimekonda."

Nilizibeba chupa zangu nne nikapanda.

Kutoka kijito hadi ukingo wa juu ni saa moja na nusu ya mwinuko mkali, mawe tupu, na hapo hakuna anayeongea. Mama alianza kuchoka mahali ambapo wote huchoka, kwenye kona ya tatu. Nilimfundisha kupumua na hatua: vuta, kanyaga, toa, kanyaga. Nilipoona anaburuta mguu wa kushoto nilichukua begi lake dogo nikalitundika kifuani kwangu. Hasira yangu ilikuwa pale pale, lakini haikuwa yake. Nilijitahidi kuitenga, kama mtu anavyotenga mafuta ya taa na unga ndani ya mzigo mmoja, na nadhani niliweza kiasi.

Alipokanyaga ukingo, upepo ukampiga, na bonde lote likafunguka chini yake, vilele viwili vyeupe upande wa kulia na ziwa dogo la buluu katikati. Mama alisimama. Kisha akaanza kulia, kilio kidogo tu, cha mtu aliyeshangaa miguu yake.

"Nimefika," alisema. "Baba watoto, mimi nimefika."

"Umefika," mzee alisema, akamfunga skafu shingoni.

Tulikaa nyuma ya ukuta wa mawe uliojengwa pale kuzuia upepo. Walitoa chai ya chupa na mayai ya kuchemsha. Mama alinishika mkono, akanivuta nikae karibu naye, akanimenyea yai.

"Kula. Umebeba mizigo ya watu wawili." Akamgeukia mwanawe aliyekuwa amekaa mbele yetu. "Wewe. Nikuambie kitu, na usinune. Ungeniletea huyu, ningepokea kwa mikono miwili. Mtoto ana akili, ana subira, ana mikono. Sio huyo wako. Macho unayo, mlima ni mmoja, na bado ukaenda ukachagua asiyefaa."

Nilimtazama Mpima. Kwa kweli nilimtazama kwa kumwomba. Kichwa changu kilimwambia: usifanye hivi, si sasa, si hivi.

Yeye aliinuka, akapangusa makombo kwenye suruali, akatabasamu kama mtu anayefunua zawadi.

"Mama," alisema, "huyu ndiye."

Upepo ulipita juu ya ukuta. Dada yake alikuwa ameinua simu apige picha; akaishusha taratibu.

"Ndiye nani?" mama aliuliza.

"Ndiye yeye. Niliyekuambia. Nilijua ukimwona utampenda, na umesema mwenyewe kwa kinywa chako. Mashahidi wapo."

Mama aligeuka akanitazama mimi, na nikaona uso wake ukirudi nyuma, kona kwa kona, kijito, mianzi, hadi kwenye yale maneno. Mkono wake ulikuwa bado umeshika yai lililomenywa nusu.

"Nilikuambia wewe," alisema polepole. "Nilikuambia usoni kwako."

"Mgongoni, mama," nilisema. "Uso ulikuwa mbele."

"Umenyamaza."

"Nilikuwa kazini. Na sikujua niseme nini. Nilijua ninyi ni nani aliposhuka garini asubuhi. Kabla ya hapo sikuwa na habari yoyote. Ningeweza kusema pale pale langoni, nikangoja aseme yeye. Hilo ni kosa langu."

"Hukujua?"

"Hakujua," Mpima alidakia. "Ndio uzuri wake, mama. Hakujua, na wewe hukujua. Hakuna aliyejipamba."

Mama alisimama. Magoti yaliyokuwa yamemsumbua tangu asubuhi hayakumsumbua.

"Miaka thelathini nimesimamia mitihani," alisema. "Watoto wa kila aina. Sijawahi hata siku moja kumpa mtoto mtihani bila kumwambia kwamba ni mtihani. Hata wale wakorofi. Sasa wewe umetupa mtihani watu wazima wawili, umekaa nyuma ya msafara unasahihisha."

"Mama, lakini mmefaulu wote."

"Nyamaza. Unajua nimefanya nini? Nimemtukana mtoto wa watu njia nzima, naye amenifunga viatu. Umeniacha nimtukane. Ulikuwa hatua ishirini nyuma, una miguu, una mdomo."

"Ningekuambia ungekataa kuja."

"Ndiyo, ningekataa."

Mimi na mama tulitazamana. Nusura nicheke.

Mpima aligeuka kwangu, tabasamu limemtoka, uso wa mtu ambaye hesabu imegoma. "Sema kitu basi."

"Umezoea kupima vitu visivyosema," nilimwambia. "Mlima unausimamia kwa mbali, unaupiga darubini, unaandika urefu wake, na wala haukuulizi kwa nini. Mimi sio mlima. Na mama yako sio mlima. Umetusimamia kwa mbali."

"Nilifanya kwa sababu nakupenda."

"Najua. Ndiyo maana bado nakaa hapa naongea na wewe." Nikainuka nikatazama mawingu. "Tuna nusu saa kabla ya ukungu. Kaza kamba za viatu, mama. Tunashuka."

Tulishuka kwa mpangilio ule ule. Mama nyuma yangu, mkono wake begani kwangu kwenye sehemu za mawe. Kwenye mianzi akasema, si kwa sauti ya mwalimu:

"Yale maneno."

"Yameisha, mama."

"Hayajaisha. Usiniharakishe. Nilisikia kazi yako nikaiogopa, nikaona kuogopa ni sawa na kujua. Nilikosea. Na nakuomba radhi, si kwa sababu umenibebea begi. Hata usingenibebea, ningekuwa nimekosea."

Sikuweza kugeuka, njia ilikuwa na utelezi. Niliuweka mkono wangu juu ya ule uliokuwa begani. "Nimepokea, mama."

"Na huyu wa nyuma?"

"Huyu wa nyuma bado."

"Sawasawa," alisema. "Mimi pia bado."

Tulifika langoni saa kumi alasiri, sote tuna matope hadi magotini. Mzee alifungua buti, akavua viatu vya mkewe, akavifunga kwenye mfuko, akapanga mabegi, mablanketi, mito. Binti yake aliingia nyuma akajilaza. Mama alinikumbatia muda mrefu, akaniandikia namba yake ya simu kwenye ukurasa wa daftari, akauchana. Kisha akaingia mbele na kufunga mkanda.

Mpima alishika kitasa cha mlango wa nyuma.

"Gari limejaa," mzee alisema.

Mpima alichungulia. Upande wake kulikuwa na kiti kitupu na mto mmoja.

"Baba, kuna nafasi."

"Nimeendesha abiria miaka thelathini na mbili. Nikisema limejaa, limejaa." Alizunguka gari, akamkabidhi mwanawe begi lake, kisha akaja kwangu na kunipa mkono, mara ya kwanza siku ile. "Basi la kwanza linapita hapa saa mbili asubuhi, sivyo?"

"Saa mbili na robo, mzee."

"Atalipata. Au atalikosa. Shauri yenu." Akaingia, akawasha. Nilimsikia mama akisema, kioo kikiwa bado wazi, "Kulia, baba watoto. Kulia ya kwanza." Gari likaondoka na vumbi lake.

Tulibaki wawili, na mlinzi wa lango aliyetoka kibandani akifunga vifungo vya koti. Mlinzi alimtazama Mpima, akatazama begi, akatazama njia ambayo gari limeishilia.

"Huyu vipi?" aliniuliza.

Nilikuwa na jibu. Mwaka mzima nilikuwa na jibu. Nilimjibia kwa wapagazi, kwa mke wa mlinzi, kwa mama yangu mwenyewe aliyeuliza kila Jumapili. Nililiweka begi langu chini kwenye benchi.

"Muulize mwenyewe," nilisema.

Mpima alinitazama, nami nikamtazama, bila kumsaidia. Akasafisha koo.

"Mimi ni mchumba wake," alisema, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko ilivyohitajika, hadi wapagazi wawili waliokuwa wakiosha sufuria bombani waligeuka. "Tangu mwaka jana. Nilimficha kwa mama yangu, na mama nikamficha kwake. Leo nimewaleta wote mlimani kama mbuzi wa mnada, bila kumwambia yeyote. Nimekosa. Wamenishusha kwenye gari. Nimebaki hapa kumwomba msamaha, na sijui kama atanipa."

Mlinzi alimsikiliza hadi mwisho, kwa heshima.

"Sikuuliza yote hayo," alisema. "Nataka kujua unalala wapi."

Wapagazi waliangua kicheko. Mpima aliinamisha kichwa, masikio yamewiva, na kwa mara ya kwanza siku ile nilimwona kama alivyokuwa zile wiki tatu za kwanza, mtu asiyejua njia na anayekubali kwamba haijui.

Hasira yangu haikuisha. Ilikaa chini tu, kama mimi pale kwenye benchi, kuvua viatu.

"Kiwanja cha mahema," nilimwambia mlinzi. "Mpe lile dogo la mwisho, lenye kiraka." Kisha nikamgeukia Mpima. "Saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa jikoni nikichemsha maji. Ukija, uje na ule mwezi wa kwanza, siku ile mama yako alipokataa, unieleze alivyosema na wewe ulivyomjibu. Kisha wa pili. Miezi minane, mmoja mmoja. Basi ni saa mbili na robo."

"Na nikimaliza?"

"Ukimaliza, ndipo uniulize kuhusu huo msamaha," nilisema. "Uniulize kama mtu anayejua naweza kukataa."